Tarehe yangu ya kuzaliwa ilikuwa kwenye redio ya jirani

Kitambulisho changu kinasema nilizaliwa tarehe 1 Julai 1973. Mama yangu anasema si kweli.

"Julai nilikuwa nafyeka shamba na wewe ndiyo kwanza unaanza kucheza tumboni," ananiambia, mikono ikiendelea kupepeta maharage kwenye ungo uani kwake Katumba. "Tena hiyo Mosi Julai ni siku ya uhuru wa Burundi. Wamekupa siku ya nchi, ya kwako wakakunyima."

Miaka yote hii sikuwa nimelitazama jambo hilo hivyo. Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, lakini karani aliyeniandika shuleni hakuwa na habari na Burundi. Alikuwa na safu ya kujaza. Aliuliza mwaka, akajibiwa. Aliuliza mwezi, kukawa kimya. Akachagua katikati ya mwaka ili asikosee sana, akaita jina linalofuata. Darasani kwetu tulikuwa wengi wa Mosi Julai, na waliosalia karibu wote walikuwa wa Mosi Januari. Laiti tungekuwa na desturi ya kukata keki, mwalimu angehitaji mbili tu kwa mwaka mzima.

Katumba ipo katika Halmashauri ya Nsimbo, si mbali na mji wa Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1973 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Sisi tuliozaliwa hapa katika miaka ile ya mwanzo ni watoto wa vita ambao hatukusikia mlio wa bunduki hata mmoja. Vita ilituachia alama nyingine: hatujui siku zetu.

Kwa hiyo mwezi uliopita nilipanda pikipiki kutoka Mpanda mjini, nikaketi na mama siku mbili, tukaanza kuitafuta siku yangu. Kalenda hatukuwa nayo. Tulikuwa na kumbukumbu yake, na dunia ya mwaka 1973.

Mwaka wa ikiza

Kwa Kirundi mwaka 1972 una jina lake: ikiza, yaani baa, pigo. Tarehe 29 Aprili mwaka huo yalizuka maasi kusini mwa Burundi, maeneo ya Rumonge na Nyanza-Lac kando ya Ziwa Tanganyika, na watu wengi waliuawa, wengi wao Watutsi. Serikali ya Michel Micombero ikajibu kwa kuwasaka Wahutu nchi nzima, kwanza wenye elimu: walimu, makarani, wanafunzi, wauguzi, wachungaji. Makadirio ya waliouawa katika miezi iliyofuata yako kati ya watu 100,000 na 200,000, na wapo wanaotaja idadi kubwa zaidi. Usiku wa 29 Aprili hiyohiyo aliuawa pia mfalme wa zamani, Ntare wa Tano, huko Gitega, wiki chache tu baada ya kurudi nyumbani kutoka uhamishoni.

Hayo ni ya vitabuni. Ya mama ni tofauti. Anakumbuka kwamba shemeji yake, mwalimu, aliitwa mkutanoni na hakurudi. Anakumbuka chungu cha mihogo kilichoachwa jikoni kikichemka. Anakumbuka nani alimbeba mtoto yupi, na mkono upi ulichoka kwanza. Nikimuuliza ilikuwa tarehe ngapi, ananitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi.

"Siku zile hazikuwa na tarehe, baba. Kulikuwa na usiku tu."

Nilipoendelea kumuuliza, nikaona jambo ambalo sikulitarajia. Vita iliyompitia yeye mwenyewe haina hata tarehe moja kichwani mwake. Tarehe zinaanza kujitokeza pale alipovuka mpaka, akapata pa kukaa, akaanza kusikia habari za vita vya watu wengine.

Alipofika Kigoma, Tanzania ilikuwa bado inamlilia Sheikh Abeid Amani Karume, aliyepigwa risasi Zanzibar tarehe 7 Aprili 1972. "Tukasema, tumekimbia kwenye msiba tumeingia kwenye msiba." Mwezi Agosti wakasikia kwamba Idi Amin amewapa Waasia wa Uganda siku 90 wafungashe. Septemba, wapiganaji waliomuunga mkono Milton Obote wakaingia Uganda wakitokea Tanzania, wakashindwa, na ndege za Amin zikaangusha mabomu Bukoba na Mwanza. Wakimbizi wakaulizana kama vita inawafuata. Haikuwafuata. Waliofuata ni maofisa wenye orodha, wakawaambia kuna ardhi Mpanda.

Njia ya risasi

Mama alikuja Katumba kwa treni, kiangazi cha mwaka 1973, akiwa na mume, mtoto mmoja wa kiume, sufuria mbili na mimi tumboni. Kutoka Kigoma walifuata Reli ya Kati hadi Kaliua, kisha wakaingia tawi la kusini linaloishia Mpanda.

Reli ile haikujengwa kwa ajili ya watu kama wao. Waingereza waliifikisha Mpanda karibu mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi yaliyochimbwa Mukwamba. Mgodi ulidumu takribani miaka kumi ukafungwa, reli ikabaki. Nilipomweleza mama habari hiyo alicheka mpaka ungo ukatulia. Watu walioikimbia risasi wamepandishwa gari lililojengwa kufuata risasi.

Walichokikuta ni miombo, mbung'o na vigingi vya kugawia viwanja. Kila kaya ilionyeshwa sehemu yake na kupewa jembe, panga, shoka na posho ya mahindi. Serikali ya Tanzania ndiyo iliyotoa ardhi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilitoa fedha, na TCRS, shirika la Kilutheri, likachimba visima, likapasua barabara na kujenga shule na zahanati. Wanaume walikata miti, wanawake wakakusanya na kuchoma. Ndiyo maana mama ana hakika kuhusu Julai: miti ilikuwa bado inaanguka. Walichoma mwezi Septemba na Oktoba. Nilizaliwa baada ya moto.

"Majivu yalikuwa yameshalowa," anasema. "Mvua ilikuwa imenyesha mara mbili, ya tatu ikanikuta na uchungu."

Huo ni ushahidi wa kwanza. Mvua za Katavi huanza Novemba. Tayari nilikuwa nimejiongezea miezi minne mbele ya kitambulisho changu.

Jirani na betri zake

Ushahidi wa pili na wa tatu ulitoka kwenye redio ya jirani. Jirani huyo, marehemu sasa, alikuwa ameikimbia nchi yake na redio begani, akaacha baiskeli. Betri zikilegea alizianika juani juu ya bati kama dagaa, jioni zikarudisha nguvu za nusu saa. Nusu saa hiyo ilitosha kwa taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na watu wa mtaa walikuja na vigoda vyao.

Tarehe 6 Oktoba 1973 Misri na Syria zilishambulia majeshi ya Israel, Sinai na Milima ya Golan. Tanzania, kama nchi nyingi za Afrika, ilivunja uhusiano na Israel mwezi huohuo. Mama hajui Sinai iko wapi. Anachojua ni kilichotokea dukani. Nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zilipunguza uzalishaji na kupandisha bei. Pipa la mafuta ghafi lililokuwa karibu dola 3 kabla ya vita lilifika dola 11.65 ilipofika 1 Januari 1974. Wachumi wameandika vitabu vizima juu ya mtikisiko huo, na sisi Watanzania tuliulipia kwa foleni na upungufu kwa miaka mingi. Kule Katumba ulifika kwenye koroboi.

"Jirani alituambia Waarabu wanapigana, mafuta yatapanda. Tukamcheka. Waarabu na koroboi yangu wapi na wapi? Baada ya wiki chache mwenye duka akapima robo chupa kwa bei ya nusu. Halafu hata hiyo robo ikakosekana. Usiku wako hakukuwa na mafuta ya taa nyumba nzima. Mkunga alishika kijinga cha moto mkono mmoja, wewe akakupokea kwa mwingine. Cheche ikaangukia kwenye khanga yangu, ikatoboa."

Khanga hiyo haipo tena, lakini tundu lake analionyesha kwa kidole pajani, mahali palipokuwa. Hata upande anaukumbuka: kulia.

Kwa hiyo sikuzaliwa kabla ya Oktoba. Swali likawa: ni baada ya Oktoba kwa muda gani?

Hapo mama akamtaja Filbert Bayi.

Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, kijana wa Kitanzania aliongoza mbio za mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola toka mwanzo hadi mwisho, akakimbia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. John Walker wa New Zealand na Ben Jipcho wa Kenya walimfuata nyuma bila kumfikia. Rekodi ya dunia ya Mmarekani Jim Ryun, iliyokuwa imesimama tangu 1967, ikavunjika. Habari ilipofika Katumba, jirani alipiga kelele kiasi kwamba watu walidhani kuna nyoka.

"Ulikuwa mgongoni, ukashtuka, kichwa kikaenda nyuma," mama anasema. "Nikakudaka kisogo. Shingo ilikuwa haijakaza."

Waulize akina mama wowote: mtoto hukaza shingo akiwa na miezi mitatu, wengine minne. Kama Februari mwanzoni yangu ilikuwa bado inaning'inia, sikuzaliwa Oktoba. Nilizaliwa baada ya mvua za kwanza, mafuta ya taa yakiwa yameadimika, na kabla Bayi hajakimbia. Tukaafikiana kwamba ni kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba 1973.

Nikauliza kuhusu Mwalimu Nyerere, aliyetangaza tarehe 6 Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini sasa ni lazima. Mama akakubali kwamba tangazo lilitangulia, na kwamba mwaka uliofuata, nikiwa nimeanza kukaa, aliwaona wenyeji nao wakihamishwa na mizigo kichwani. "Tukawahurumia. Tulidhani ni sisi tu tunaohamishwa na orodha." Mwaka huohuo wa 1974 Katavi ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Kwa hiyo mimi na viboko wa Mto Katuma tuliandikishwa na serikali kwa kufuatana, wao wakapata tarehe sahihi.

Kalenda ya Katavi

Namna hii ya kuhesabu haikuletwa na wakimbizi. Wazee wa Kikonongo wa Inyonga, Wapimbwe wa Usevya na Wabende wa kando ya ziwa walikuwa nayo kabla yetu. Waliozaliwa mwanzoni mwa karne iliyopita walijitaja kwa vita ya Mjerumani, mwaka ambao majeshi ya Wabelgiji yaliingia kutoka Kongo na kuiteka Tabora, 19 Septemba 1916, huku vijana wakichukuliwa kwa nguvu kuwa wapagazi. Waliofuata walijitaja kwa kuhamishwa kwa sababu ya malale, kisha kwa vita ya Hitila, wakati vijana wa Keya, jeshi la kikoloni la Mwingereza, walipopelekwa Abyssinia na Burma.

Hata mtu mashuhuri kuliko wote waliowahi kuishi Karema, kando ya ziwa, hakuijua siku yake. Adrian Atiman alitekwa akiwa mtoto karibu na Mto Niger, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomea uganga Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Siku ya kifo chake inajulikana. Mwaka wa kuzaliwa kwake ni wa kukisia, kwa sababu waliojua walibaki upande wa pili wa jangwa.

Makarani wa sensa wanalijua tatizo hili, na ndiyo maana huenda na orodha ya matukio ya kitaifa na ya mahali. Mtu asiyejua umri huulizwa: Uhuru ulikukuta wapi? Ulikuwa umeoa wakati wa Azimio la Arusha? Ulikuwa na mtoto wakati wa vita ya Kagera? Hili la mwisho ndilo lenye majibu ya haraka kuliko yote. Majeshi ya Amin yalivuka mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu akalihutubia taifa tarehe 2 Novemba, na Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979. Makazi ya Mishamo, ndugu wa Katumba, yalifunguliwa mwaka huohuo wa 1978. Mtoto aliyezaliwa Mishamo miezi ile ana bahati: akitaka kujijua, dunia nzima ya Kiswahili ilikuwa inasikiliza redio moja.

Mama naye nilimpima kwa kipimo hicho. Mwanamfalme Louis Rwagasore alipouawa Bujumbura, 13 Oktoba 1961, yeye alikuwa ndiyo kwanza amevunja ungo. Basi alizaliwa karibu mwaka 1948, rika moja na Mizengo Pinda wa Kibaoni. Nilipomwambia ana umri wa Waziri Mkuu mstaafu aliitikia kwa heshima, kisha akauliza kama naye Pinda magoti yanamsumbua.

Karatasi na miezi mitano

Mtu anaweza kusema: miezi mitano ina uzito gani? Mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akifikisha miaka 60. Kwa kitambulisho changu nitaondoka ofisini Julai 2033. Kwa mama yangu ningekaa mpaka mwisho wa mwaka. Hiyo ni mishahara mitano. Kuna waliopoteza zaidi: ndugu wawili wa tumbo moja waliopewa miezi mitatu kati yao na kutuhumiwa kudanganya, au mzee aliyeandikwa kijana kuliko mkewe, ingawa yeye ndiye mkubwa kwa miaka kumi.

Kwa watu wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu ya Tabora karatasi ina uzito wa ziada. Mwaka 2007 Serikali ya Tanzania iliwapa wakimbizi wa 1972 chaguo la kurudi Burundi au kuomba uraia. Takribani wanne kati ya watano walichagua kubaki, na mwaka 2010 watu 162,156 walikubaliwa kuwa raia. Vyeti vyenyewe vilianza kutolewa Oktoba 2014. Siku mama alipokipokea cha kwake alikiangalia mbele na nyuma, akaniomba nimsomee tarehe. Ilikuwa Mosi Julai. Sasa mama na mwana tuna siku moja ya kuzaliwa, na wote wawili tunajua si ya kwetu.

Simlaumu karani yeyote. Aliyeulizwa hakujua, na aliyeandika alikuwa na foleni. Ninachosikitikia ni kwamba mwaka ule, na miaka arobaini iliyofuata, hakuna aliyekaa na mama nusu saa akamuuliza juu ya majivu, mafuta ya taa na shingo ya mtoto. Mkunga amekufa. Jirani na redio yake amekufa. Baba amekufa. Shahidi amebaki mmoja, na macho yake yana ukungu.

Mkoa wetu unajaa haraka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604 Katavi. Ya Agosti 2022 ikakuta 1,152,958. Zaidi ya maradufu kwa miaka kumi. Wengi wao ni watoto, na ng'ambo ya ziwa bunduki bado zinalia, kwa hiyo wapo pia wanaozaliwa njiani leo. Simu ipo mfukoni mwa kila mmoja na inaonyesha tarehe, saa na dakika. Hakuna sababu ya mtoto wa mwaka huu kupewa Mosi Julai. Mpelekeni aandikishwe, mchukue cheti cha kuzaliwa cha RITA kabla hajaanza kutambaa.

Na wewe msomaji ambaye kitambulisho chako kinasema Mosi Januari au Mosi Julai, kama mama, shangazi au bibi yako bado yupo, nenda Jumamosi hii. Usimuulize tarehe. Muulize redio ilikuwa inasema nini, dukani kulikosekana nini, shambani kulikuwa na nini, na ulikuwa unaweza kufanya nini aliposikia habari fulani. Andika atakachosema, hata kama ofisi haitakipokea.

Mimi nimeandika. Nilizaliwa Katumba, usiku, mvua ya tatu ya mwaka 1973, bila mafuta ya taa.